Kabureta za Kapteni

Jumatatu, 3 Februari 2025

Datsun 240Z ya Kapteni imeingia gereji adhuhuri, ikivutwa kwa kamba. Imezimika Buxton, hapa Mombasa, kwenye foleni na haikuwaka tena.

Kabla ya kushika spana nimelisoma gari lenyewe. Sahani ya chasisi: HS30, yaani usukani wa kulia, la soko la nje. Injini: L24, silinda sita mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393. Kichwa cha silinda kina alama E31, ambacho ndicho cha magari ya mwanzo. Kadi yasema 1971. Vyote vinaoana. Kwa gari la umri huu hilo ni la kushukuru, maana mengi yameshabadilishwa injini, vichwa, hata nusu ya bodi.

Maradhi, kwa maneno ya mwenyewe: asubuhi haliwaki mpaka lisumbuliwe. Ukikanyaga mafuta ghafla linakohoa. Kilima cha Mazeras linapanda kwa kunung'unika. Kwenye foleni linachemka petroli na kuzima. Tangu alilete kutoka Nairobi mwaka jana liko hivyo.

Tiba keshajiamulia. Kuna mtu Nairobi anauza kabureta tatu za Weber za kulala, na Kapteni ameshatuma arbuni.

"Fundi, hili ni gari la Safari. Litapumua vipi na vikabureta viwili?"

"Kapteni, nipe nafasi nizijue hizi mbili kwanza. Kisha tutazijua hizo tatu."

Hakupenda, ila amekubali. Na sifa za gari lake si za uongo. Safari Rally ya 1971 ilichukuliwa na 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller. Ya 1973 ikachukuliwa na 240Z tena, ya Shekhar Mehta na Lofty Drews, baada ya Mehta kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Kapteni alikuwa mtoto wa shule, matokeo aliyasikia redioni, na hajayasahau hadi leo.

Jumanne, 4 Februari

Nimezishusha kabureta mbili. Ni Hitachi, zilizoundwa kwa mtindo wa SU ya Uingereza. Kwenye vitabu vya kiwanda zinaitwa HJG46W, na hiyo 46 ni kipenyo cha tundu la kipepeo kwa milimita. Kuba la juu limefungwa kwa skrubu nne. Hiyo ndiyo alama ya kuangalia: skrubu nne ni za 1970 na 1971, skrubu tatu ni za 1972. Magari ya soko la Marekani ya 1973 yalipewa nyingine kabisa, zenye kichwa bapa, kwa ajili ya sheria za moshi, na wenye magari wengi waliishia kuzing'oa. Kwa hivyo hizi ni za gari hili, na ni pacha.

Nimemwita mpwa wangu aone jinsi zinavyofanya kazi, kwa kuwa vijana wa leo wamezaliwa na injeksheni. Ndani ya kuba mna pistoni. Hewa inapovutwa na injini, pistoni hupanda. Mvuto ukipungua, hushuka. Chini ya pistoni kuna sindano iliyochongoka, imeingia kwenye jeti. Pistoni ikipanda sindano hutoka, pengo kati yake na jeti hupanuka, petroli huongezeka. Koo la hewa lenyewe hujipanua na kujibana kadiri injini inavyotaka. Ndiyo sababu SU haina haja ya msururu wa jeti. Sindano moja hutosha tangu gari likiwa limesimama hadi likiwa mbio.

"Sasa mjomba, oili ya juu ni ya nini?"

Ni ya kuizuia pistoni isiruke. Ukikanyaga mafuta ghafla, pistoni ikipanda taratibu, mvuto juu ya jeti huzidi kwa kitambo na petroli hutoka kwa wingi. Injini hupata kile inachokihitaji wakati huo. Tumefungua vifuniko: kabureta ya mbele ina tone, ya nyuma imekauka. Kukohoa kumeshapata sababu moja.

Shafti za vipepeo zimelegea. Nimezitikisa kwa vidole na zinacheza. Hewa ya wizi inaingia hapo.

Nati za mchanganyiko zilizo chini: kanuni ya kuanzia ni kuzikaza hadi juu kabisa, kisha kuzishusha mizunguko miwili na nusu. Hizi ziko mzunguko mmoja tu, na ya nyuma imezidi kidogo. Plagi zote sita ni nyeupe. Petroli imebanwa, na aliyeibana alijua anachokifanya, kwa sababu alikuwa Nairobi.

Alhamisi, 6 Februari

Naandika hesabu hii ili nisiitafute tena.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kwa kimo hicho uzito wa hewa hupungua kwa takriban 15 kwa mia. Injini huvuta ujazo uleule, lakini hewa iliyomo ni haba. Kabureta haipimi uzito wa hewa, inafuata mvuto, hivyo petroli haipungui sawa na hewa. Tofauti hufuata kipeuo cha pili: hewa ikiwa 0.85, mchanganyiko huwa mzito kwa kama 8 kwa mia. Fundi wa bara akipunguza petroli kwa kiasi hicho, amefanya vyema.

Gari likishuka Mombasa hesabu inageuka. Hewa imeongezeka uzito, petroli bado imebanwa, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Kuwaka asubuhi kwa shida, kukohoa, kukosa nguvu mlimani, plagi kuwa nyeupe: yote manne hutoka hapo. Ongeza hewa ya wizi kwenye shafti, na kile alichokieleza Kapteni chote kimetimia, isipokuwa kuzima kwenye foleni. Kwa hilo nalo nina dhana. Kati ya manifoldi ya eksozi na kabureta kiwanda kiliweka bati la kuzuia joto. Hapa kuna matundu ya bolti tu. Bati halipo.

Jumamosi, 8 Februari

Weber zimewasili kwa basi la usiku, zimefungwa kwa magazeti ndani ya katoni ya maziwa. Kapteni alikuja mwenyewe kuzifungua. Ni nzuri kutazama, hilo silipingi. Zimeng'arishwa mpaka unajiona uso.

Nimewaambia yeye na mpwa wangu: mng'aro hauna habari. Habari iko kwenye ukingo wa flanji, upande unaofungwa kwenye manifoldi. Hapo Weber hupiga muhuri wa aina. Nimepitisha brashi na petroli, nikaleta taa.

Ya kwanza: 40 DCOE 18. Ya pili: 40 DCOE 18. Kwenye vifuniko vyote viwili imeandikwa kuwa zimetengenezwa Italia.

Ya tatu: 40 DCOE 151. Hii ni ya Hispania, ambako uzalishaji wa kabureta hizi ulihamishiwa kutoka Bologna.

Kapteni: "Si zote ni 40?"

Zote ni 40. Namba ya mwanzo ni kipenyo cha tundu la kipepeo. Namba ya mwisho ndiyo ukoo. Nimemwonyesha kwa kidole. Kwenye 151, kando ya kila koo kuna skrubu ndogo yenye nati ya kufungia, iliyofunikwa kwa kofia ya plastiki. Ni ya kupitisha hewa ya pembeni, ili makoo mawili yalingane gari likiwa limesimama. Kwenye 18 haipo. Skrubu za mchanganyiko nazo si moja. Za 18 zina hatua kubwa, na huanzia karibu mzunguko mmoja. Za 151 zina hatua ndogo, na huanzia miwili na nusu. Fundi asiyejua atazifungua zote tatu sawasawa, kisha ashangae kwa nini silinda mbili za nyuma haziungani na nyingine.

Kubwa zaidi ni vitundu vya mpito. Kipepeo kinapoanza kufunguka, kabla ya jeti kuu kushika kazi, petroli hupitia vitundu vidogo vilivyotobolewa ukutani karibu na ukingo wa kipepeo. Idadi yake na mahali pake hutofautiana kutoka ukoo mmoja hadi mwingine. Hivyo huwezi kubadilisha kwa bisibisi. Na mguu wa dereva wa mjini hukaa hapohapo muda mwingi: Makupa, Mwembe Tayari, daraja la Nyali.

Kapteni akanyamaza. Kisha akauliza kama ya tatu ni bandia. Si bandia. Ni Weber halali, ila si ndugu wa hizi mbili.

Jumatano, 12 Februari

Leo nimezifungua zote. Kila kipande cha Weber kina namba yake, imepigwa muhuri kwenye shaba au kwenye alumini. Usipoisoma umeacha nusu ya kazi. Nimeandika:

Mbili za 18: venturi 30. Jeti kuu 115. Jeti ya hewa 170. Mrija wa matundu F11. Jeti ya mwendo wa chini 50F8.

Ya 151: venturi 32. Jeti kuu 130. Jeti ya hewa 180. Mrija F11. Jeti ya mwendo wa chini 45F9.

Kuna kanuni ya zamani ya kuanzia: zidisha venturi kwa nne upate jeti kuu, ongeza 50 upate jeti ya hewa. Haimalizi kazi, lakini inakuweka karibu. Venturi 30 yataka 120. Hizi zina 115. Nikarudi kwenye hesabu ya tarehe 6: petroli ipungue 8 kwa mia, eneo la tundu lipungue vivyo hivyo, kipenyo hupungua kwa kama 4 kwa mia. Mia na ishirini ikipunguzwa 4 kwa mia ni 115. Hizi mbili nazo zilisetiwa Nairobi. Aliyeziseti alikuwa fundi kweli, sijui ni nani, lakini kazi yake nimeisoma.

Ile ya 151 inatoka kwenye injini nyingine kabisa. Venturi 32 na jeti 130 ni za usawa wa bahari au karibu yake, au ni za mtu aliyefunga alichokuwa nacho.

Makoo sita, silinda sita, na mbili katika hizo sita zingekula chakula tofauti. Hapo hakuna kuseti kutakakosimama.

Ijumaa, 14 Februari

Baada ya sala Kapteni amepita na habari mpya. Muuzaji amemwambia kama 40 hazimridhishi, anazo 45, na kubwa ndiyo nguvu.

Nimemketisha. Nguvu ya L24 haikai kwenye tundu la kipepeo. Kinachovuta petroli kutoka kwenye jeti ni kasi ya hewa inapopita kwenye venturi. Bana venturi, hewa inakimbia, petroli inasagika vizuri na injini inaitika mapema. Panua venturi, injini itapata hewa nyingi zaidi huko juu kwenye mizunguko elfu sita, lakini huku chini hewa inapita kivivu, petroli inadondoka badala ya kusagika, na gari linamisi kila ukitoka taa. Kila silinda hapa ni karibu sentimita 400. Venturi ya 28 hadi 32 yatosha, na hizo zinakaa ndani ya 40. Kabureta ya 45 kwa desturi hubeba venturi kubwa kuliko hizo. Ni ya injini iliyochongwa kichwa, yenye kemshafti kali, na dereva asiyejali foleni.

"Kapteni, utaliendesha wapi?"

"Mtwapa. Watamu Jumapili. Labda Voi mara moja moja."

Nimeandika jibu hilo hapa kwa sababu ndilo linalochagua kabureta.

Jumapili, 16 Februari

Gereji imefungwa, lakini nilimpeleka mpwa wangu Makupa kwa mjane wa fundi mmoja wa zamani. Bi mkubwa anauza vyombo vya marehemu, na kuna sanduku la kabureta ambalo watoto hawajui ni za nini. Alitaka kujua kipi kina bei. Nikasema kijana atajibu, mimi nitasahihisha.

Ya kwanza ina kuba, na kibakuli cha floti kimening'inia ubavuni, na mpira mwembamba unatoka kwenye kibakuli kwenda chini ya jeti. Akasema SU HS. Sawa. Saizi? Namba baada ya herufi ni idadi ya sehemu za nane za inchi zinazozidi inchi moja. HS2 ni inchi moja na robo, HS4 ni inchi moja na nusu, HS6 ni inchi moja na robo tatu. Tukapima kwa vania: inchi moja na nusu. HS4, saizi ile iliyofungwa mbilimbili kwenye MGB tangu 1962. Kuna kibati cha alumini chini ya skrubu ya kifuniko cha floti, chenye herufi AUD na namba. Nimemwambia Bi mkubwa kibati hicho kisitupwe hata kwa bahati mbaya. Ndicho kinachosema kabureta ilitoka kwenye gari gani na sindano gani. Wengi hukipoteza siku ya kwanza ya kufungua.

Ya pili nayo ina kuba, kijana akasema SU tena. Nikamwambia fungua. Ndani, badala ya pistoni kukaribiana na ukuta bila kuugusa, kuna ngozi ya mpira iliyoshikilia pistoni. Hiyo ni Stromberg. Mpira umepasuka, kama kawaida yao. Mpira mpya ukipatikana, kabureta inafufuka.

Ya tatu na ya nne ni za kulala, makoo mawili mawili. Moja imeandikwa DHLA 40: ni Dell'Orto, ya Italia pia, waliyoitumia Lotus miaka ya mwisho ya kabureta. Nyingine ni Mikuni, 40 PHH, iliyotengenezwa Japani kwa leseni ya Solex. Toyota 2000GT ilikuwa na tatu za aina hii. Zote mbili hufunga kwenye manifoldi ya DCOE, na ndiyo maana watu huzichanganya. Jeti zake lakini haziazimani, kila nyumba ina vipimo vyake.

Kilichosikitisha: makuba mawili ya SU na pistoni mbili zimetupwa ovyo sandukuni. Pistoni na kuba lake vimelinganishwa kiwandani kama jozi. Ukivibadilisha, kimoja kitakwama na kingine kitavujisha hewa. Tulijaribu kila pistoni kwenye kila kuba, tukifunga matundu kwa kidole na kutazama inavyoshuka, mpaka jozi zikajulikana. Nikazifunga kwa uzi.

Bi mkubwa amempa kijana shilingi mia mbili za soda. Mimi nimepewa kahawa chungu na kashata.

Jumanne, 18 Februari

Nimempigia muuzaji wa Nairobi kwa idhini ya Kapteni. Nimemsomea namba. Akasema hajawahi kuziangalia. Namwamini. Ameahidi kutafuta 18 ya tatu.

Jumamosi, 22 Februari

Hitachi zimerudi kutoka kwa mkerezaji wa Shimanzi. Ametoboa pale shafti zinapopita, ameingiza bushi za shaba nyekundu, na shafti zimeshika bila kukwama. Nimezitikisa, kimya. Kipepeo kikifungwa mwanga haupiti ila uzi mwembamba pande zote sawa.

Nimeziosha, nimebadilisha gasketi na vali za floti, nimepima floti, nimetia oili nyepesi ya uzito wa 20 kwenye makuba. Pistoni zinapanda kwa kidole na kushuka zenyewe mpaka zigonge chini kwa mlio mmoja safi. Zote mbili. Mlio huo nausubiri kila mara. Pistoni ikishuka bila kugonga, sindano imepinda au jeti haiko katikati.

Nati za mchanganyiko: juu kabisa, kisha chini mizunguko miwili na nusu.

Bati la joto tumelikata upya kwa kufuata matundu ya bolti yaliyopo, na kijana amelipaka rangi ya kustahimili moto.

Jumatano, 26 Februari

Leo kuseti. Plagi mpya, BP6ES. Taimingi nimeihakikisha kwanza, kwa sababu anayeseti kabureta juu ya taimingi mbovu anajisumbua.

Injini ilipopata moto nimetenganisha mikono ya ekseleta ya kabureta mbili ili kila moja isimame peke yake. Kipimo cha hewa ninacho, lakini nimempa kijana kipande cha mpira wa petroli: ncha moja sikioni, nyingine kwenye koo la kabureta, mahali palepale kwa zote mbili. Hewa inafoka. Ya mbele ilifoka kwa sauti ya juu zaidi. Akaipunguza kwa skrubu, akarudi ya nyuma, akaongeza kidogo, mpaka mifoko ikawa sauti moja. Kisha nikaweka kipimo. Kilitofautiana kwa unywele. Sasa anajua kuwa sikio lake ni chombo, na kipimo ni shahidi.

Mchanganyiko: bisibisi nyembamba, inua pistoni ya kabureta moja kama milimita moja, sikiliza. Injini ikipanda mbio na kubaki juu, petroli imezidi. Ikidhoofika na kutaka kuzima, petroli imepungua. Ikipanda kidogo halafu ikatulia, ndipo. Ya mbele ilitulia pale kanuni ilipoiweka. Ya nyuma ilitaka kushushwa kidogo zaidi. Kisha kurudi tena kwenye hewa, kwa kuwa ukigusa kimoja kingine husogea.

Mizunguko 700 kwa dakika, gari limesimama, kikombe cha chai juu ya kifuniko cha vali hakitetemi.

Jumatano, 5 Machi

Mfungo. Kazi nimezihamishia asubuhi, kabla jua la kaskazi halijakaa utosini. Jaribio la barabara nimelifanya na Kapteni baada ya alasiri: Changamwe, Mazeras, hadi Mariakani, na kurudi.

Liliwaka kwa mguso mmoja. Mazeras lilipanda kwa gia ya nne na Kapteni akasahau kuwa amefunga, akaanza kuongea kwa sauti. Kurudi tukaingia kwenye foleni ya malori pale Changamwe, tukakaa humo mpaka karibu na magharibi. Joto lilipanda, mafuta hayakuchemka, gari halikuzima. Bati limefanya kazi yake.

Nyumbani baada ya futari nikachomoa plagi moja ya mbele na moja ya nyuma. Rangi ya udongo mkavu, zote mbili.

Kapteni, akiwa na kikombe cha uji: "Kwa hivyo Nairobi nikienda?"

"Kaza kila nati kama mzunguko mmoja kwenda juu ukifika. Ukishuka, irudishe. Bisibisi huhitaji, ni vidole tu."

Hilo peke yake limefunga hoja. Weber tatu zingetaka jeti sita zitolewe na sita ziingizwe kila anapopanda na kushuka, au avumilie mchanganyiko mzito huko juu. Zingetaka pia pampu isiyozidi presha ya paundi tatu hivi, washa za springi na oringi ili kabureta zisitikisike na kuifanya petroli kuwa povu, na mkono wa ekseleta uliofungwa upya.

Jumamosi, 8 Machi

Kapteni ameamua. Hitachi zinabaki. Ile 151 inarudi Nairobi kwa basi, na muuzaji, mtu muungwana, amekubali kuipokea na kurudisha thamani yake. Zile 18 mbili zinabaki rafuni kwangu, na kila moja nimeiandikia karatasi: namba ya aina, venturi, jeti zote, na neno "Nairobi". Ikija ya tatu yenye muhuri uleule tutazungumza. Isipokuja, zitafaa Escort ya mtu.

Mpwa wangu ameomba nimfupishie kwenye ukurasa wake, na hiki ndicho nilichomwandikia:

Soma gari kwanza: chasisi, injini, kichwa. Kisha soma kabureta: muhuri wa flanji, kibati, skrubu za kuba. Kisha fungua usome jeti, kwa kuwa jina la nje linasema kabureta ni ya nani na jeti zinasema ilikuwa ikiishi wapi. Zikiwa mbili au tatu, ziwe za ukoo mmoja mpaka namba ya mwisho. Halafu muulize mwenye gari anakwenda wapi nalo. Kwa 240Z inayokwenda Mtwapa na Watamu, mbili za kiwandani zilizo nzima zinatosha. Tatu za Weber ni za anayekwenda kushindana, na awe na jeti za akiba mfukoni.